Cherehani Iende, Cherehani Irudi: Mazungumzo Juu ya Hati za Forodha

Mazungumzo haya yalitolewa kwa wahitimu wa kisomo katika vijiji vya jirani na mpaka wa Mutukula, Mkoa wa Kagera. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa.



Leo tunataka kuzungumza juu ya kuvuka mpaka na mali ambayo mtu haendi kuiuza. Mpaka wenyewe mnaujua kuliko sisi. Wengi wenu mna ndugu ng'ambo ya Mutukula. Mnakwenda msibani, mnakwenda harusini, mnarudi. Hapo hatuna la kuwafundisha. Lakini siku hizi vikundi vyetu vinaalikwa kwenye maonyesho. Akina mama washonaji wanaalikwa Masaka. Kikundi cha ngoma kinaalikwa Kampala. Fundi anaitwa kufanya kazi ya wiki mbili upande wa pili, naye hawezi kwenda mikono mitupu, ni lazima abebe vyombo vyake vya kazi. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Cherehani ni mali. Kwa mama anayelea watoto peke yake, cherehani ndiyo shamba lake, ndiyo ng'ombe wake wa maziwa. Ikizuiliwa mpakani kwa sababu ya karatasi moja, watoto wanakosa ada na nyumba inalala bila chakula. Kwa hiyo tusikilizane vizuri.

Mali ya namna mbili

Mtu anayevuka mpaka anaweza kuwa na mali ya namna mbili. Kuna mali anayokwenda kuiuza na kuiacha huko. Na kuna mali anayokwenda kuitumia au kuionyesha tu, kisha arudi nayo nyumbani. Afisa wa forodha anapokutazama hajui ipi ni ipi. Yeye anaona mzigo. Ni wewe wa kumwambia, tena kwa maandishi.

Tuchukue mfano. Kikundi kinakwenda maonyesho Kampala. Kimebeba vikapu 60 na mikeka 20, vyote vimesukwa hapa hapa kijijini. Hivyo ni vya kuuza. Kimebeba pia cherehani mbili za kushonea mbele ya wateja, na kipaza sauti kimoja. Hivyo ni vya kurudi navyo. Gari ni moja, mzigo umefungwa pamoja, lakini karatasi ni za namna mbili.

Vikapu na mikeka tusikae navyo sana. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005. Kitu kilichotengenezwa katika nchi za Jumuiya kwa kufuata taratibu zake hakidaiwi ushuru wa forodha kikivuka kwenda nchi nyingine ya Jumuiya. Ila ni lazima uonyeshe kwamba kweli kimetoka huku. Kama thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, mfanyabiashara mdogo hujaziwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale mpakani. Ulizeni mapema kama bidhaa yenu imo katika orodha inayokubaliwa. Na mkiwa na mazao ya shamba, mbegu au ngozi, kuna vyeti vya afya ya mimea na mifugo. Ngoma iliyowambwa kwa ngozi nayo iulizieni.

Sasa tuje kwenye cherehani.

Mzee mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, si tunaambiwa Afrika Mashariki ni moja? Kama ni moja, cherehani yangu inadaiwa nini?"

Swali zuri kabisa, mzee wetu. Jibu ni hili. Jumuiya imesamehe ushuru kwa mali iliyozaliwa katika Jumuiya. Cherehani yako ilizaliwa China, au Japani, au India. Wewe uliinunua Bukoba, umekaa nayo miaka 15, imekusomeshea watoto. Hata hivyo, mbele ya forodha bado ni mgeni. Ukiivusha kimya kimya, afisa wa upande wa pili ana haki ya kuihesabu kama cherehani iliyoingizwa nchini mwake kwa biashara, na kukudai ushuru.

Na ushuru si mchezo. Toeni madaftari tupige hesabu. Viwango vya ushuru wa forodha vya Jumuiya, tangu Julai 2022, ni vinne: sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35. Kiwango hutegemea aina ya kitu. Tuseme kipaza sauti chetu kina thamani ya shilingi 1,000,000 za Uganda, na kipo katika kundi la asilimia 25. Ushuru ni 250,000. Jumlisha na thamani, unapata 1,250,000. Juu ya hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18. Hiyo ni 225,000. Ushuru na kodi kwa pamoja vinakuwa 475,000. Na hapo hatujahesabu tozo nyingine. Karibu nusu ya bei ya kitu, kwa kitu ambacho utarudi nacho nyumbani baada ya siku kumi!

Sheria inasemaje

Sheria haikutaka mtu alipe hivyo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 117 kinasema kwamba mali inayoingizwa kwa matumizi ya muda tu haitozwi ushuru wa forodha. Lakini kuna masharti, nayo ndiyo watu wengi hawayajui.

Sharti la kwanza ni ruhusa. Afisa wa forodha ndiye anayeruhusu, na haruhusu mpaka aridhike kwamba kweli mali hiyo ni ya muda. Ataridhikaje? Ataridhika akiona barua ya mwaliko wa maonyesho, au barua ya aliyekuita kazini, na orodha ya mali yako. Maneno ya mdomo hayamtoshi, wala hatuwezi kumlaumu. Kila mtu anayepita hapo anasema, "Mimi narudi kesho."

Sharti la pili ni dhamana. Dhamana ni ahadi yenye fedha ndani yake. Unaweka fedha taslimu sawa na ushuru ambao ungelipa, nazo zinakaa serikalini kama amana mpaka utoke na mali yako. Au unapata mdhamini anayekubaliwa, kama benki au kampuni ya bima, anayesema, "Huyu asiporudisha mali, sisi tutalipa." Kazi hii mara nyingi hupitia kwa wakala wa forodha mwenye leseni. Wakala hutoza malipo yake, kwa hiyo ulizeni bei kabla mzigo haujapakiwa, si baada ya gari kufika mpakani na dereva anapiga honi.

Kwa kikundi kidogo fedha hizi ni nyingi. Ndiyo maana sisi tunashauri kwamba vikundi viende kwa pamoja kupitia kwa waandaaji wa maonyesho. Yapo maonyesho ya wajasiriamali wadogo wa Afrika Mashariki, yanayojulikana kama Juakali au Nguvu Kazi. Yalianza Arusha mwaka 1999, na huzunguka kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 2021 yalikuwa Mwanza, mwaka 2022 Kampala. Katika safari za namna hiyo waandaaji huzungumza na forodha mapema. Ulizeni: nani anaweka dhamana? Jibu lake liandikeni.

Sharti la tatu ni muda. Hati itaandikwa tarehe ya mwisho. Muda wa kawaida hauzidi miezi 12. Ukitaka zaidi ya hapo, maombi yanapelekwa kwa Kamishna. Kwa maonyesho ya siku kumi hamhitaji mwaka, lakini msiombe siku kumi kamili. Gari huharibika. Mtu huugua. Ombeni siku za ziada kidogo.

Tarehe ikipita bila mali kutoka, ruhusa imekufa. Ushuru unadaiwa, na mali yenyewe inaweza kukamatwa.

Orodha

Hapa tunataka tukae kidogo, maana hapa ndipo kisomo chenu kinapolipa.

Hati zote za namna hii, ziwe za huku kwetu au za nchi za mbali, roho yake ni orodha. Afisa wa kuingilia anasoma orodha, anatazama mzigo. Afisa wa kutokea anasoma orodha ile ile, anatazama mzigo. Vikilingana, umepita. Visipolingana, una maswali ya kujibu.

Tumeona orodha ya kikundi kimoja iliyoandikwa hivi: "Cherehani, vipaza sauti, vitu vingine vya kikundi." Basi. Hiyo si orodha. Cherehani ngapi? Za rangi gani? Vitu vingine ni vitu gani? Mtu anaweza kuingia na cherehani kuukuu akatoka na mpya, na orodha hiyo isiseme lolote. Afisa anajua hivyo.

Andikeni namna hii. Kila kitu na mstari wake. Mwanzoni namba: 1, 2, 3. Kisha jina la kitu na sura yake: "Cherehani ya mkono, nyeusi, ina kifuniko cha mbao." Kisha jina la kiwanda na namba iliyopigwa kwenye chuma. Namba hiyo mara nyingi ipo karibu na kitako cha mashine, na imejaa mafuta na vumbi. Ipanguse kwa kitambaa, uisome tarakimu moja moja, mwenzako aandike, halafu mbadilishane mhakikishe. Sifuri moja ikipotea, hiyo tayari ni cherehani nyingine. Baada ya namba andika idadi, kisha thamani kwa shilingi, kisha nchi kilikotengenezwa.

Thamani iwe ya kweli. Wapo wanaoandika thamani ndogo ili dhamana iwe ndogo, na wapo wanaoikuza kwa majivuno. Aliyeandika ndogo, mali ikipotea au ikizuiliwa, atadai nini? Atarudishiwa lile jina la umaskini aliloliandika mwenyewe.

Kama kitu hakina namba, kipe alama. Ngoma haina namba ya kiwanda. Choma herufi za kikundi kwenye mti wake, upande wa chini, na uandike kwenye orodha kwamba alama hiyo ipo. Picha ya simu pia inasaidia sana. Siku hizi kila kikundi kina mtu mwenye simu ya picha, mpeni kazi hiyo.

Mkimaliza, pigeni mstari chini ya kitu cha mwisho ili asije mtu kuongeza kitu. Mwenyekiti na katibu waweke sahihi. Tengenezeni nakala: mojawapo ibaki nyumbani. Mfuko ukiibwa garini, mtapiga simu nyumbani mkasomewe.

Kuaga nyumbani

Watu wengi hufikiria forodha ya upande wa pili tu, wakaisahau ya kwetu. Kumbuka kwamba utarudi. Siku ya kurudi utafika na cherehani ya China mkononi, na afisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania atauliza, kwa haki kabisa, "Hii umeinunua Kampala?" Sheria inaruhusu mali iliyotoka nchini irudi bila ushuru, mradi afisa aridhike kwamba ni ile ile. Sasa kama hukuionyesha wakati wa kutoka, ataridhikaje? Kwa hiyo wakati wa kwenda, mwonyeshe afisa wa Tanzania orodha na mzigo, aandike na kugonga muhuri, ndipo uende kwa wa Uganda.

Pale Mutukula kazi imekuwa rahisi kidogo. Tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi Novemba 2017, maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Ukienda Uganda unamalizana na wote upande wa Uganda. Ukirudi, unamalizana na wote upande wa Tanzania. Lakini kukaa jengo moja hakumaanishi kwamba dawati ni moja. Wapo wanaopita kwa wa Uganda tu wakadhani wamemaliza. Hesabuni mihuri kabla hamjaondoka: wa kutoka na wa kuingia.

Hati ya kusafiria ya mtu mwenyewe ni shauri la Uhamiaji. Msichanganye. Muhuri wa mtu haumvushi ng'ombe, wala wa mtu hauvushi cherehani.

Sasa tuseme wazi juu ya njia za panya. Tunazijua, na ninyi mnazijua zaidi. Anayepita huko na cherehani begani huona amekwepa usumbufu. Kumbe amejitengenezea mali isiyo na baba. Akikamatwa akiwa ndani Uganda, hana karatasi ya kuonyesha iliingiaje. Akitaka kurudi kwa njia kubwa, hana karatasi ya kuonyesha ilitokaje. Mali iliyopitishwa bila kuonyeshwa forodha inaweza kutaifishwa, na hapo hakuna wa kumlilia.

Wapo pia maafisa ambao wakiona kicherehani kikuukuu husema tu, "Pita, mama." Ni wema wao. Lakini sisi hatupendi mtu ategemee wema huo, maana siku ya kurudi zamu itakuwa ya afisa mwingine.

Kishawishi cha maonyesho

Mama mmoja aliuliza, "Je, nikifika huko mtu akiipenda cherehani yangu, akanipa bei nzuri, nisiuze?"

Tulicheka wote, lakini swali si la kuchekwa. Hutokea mara nyingi, hasa siku ya mwisho ya maonyesho, wanunuzi wanapojua kwamba watu wamechoka na nauli imepungua. Jibu: mali uliyoiingiza kwa muda usiiuze mpaka uende forodha ukaseme kwamba sasa unataka kuiacha, na ushuru ulipwe. Ukiuza kwanza, umevunja sharti. Fedha ya mnunuzi utaipokea kwa mkono huu, amana itakupotea kwa mkono ule. Piga hesabu ya zote mbili kabla ya kukubali bei.

Na kikiibwa? Nenda polisi siku hiyo hiyo, upate karatasi, uende nayo forodha. Kikiharibika, usikitupe. Rudi nacho hata kama ni mabaki, yanayosomeka namba yake.

Siku ya kurudi msipite moja kwa moja kwa sababu mzigo umepungua na kila mtu anataka kufika nyumbani. Simamisheni gari. Onyesheni mali, hati ifungwe, na kama mliweka amana ombeni maelekezo ya kuirudisha na kutunza stakabadhi. Stakabadhi ya amana itunzeni kama mnavyotunza stakabadhi ya kahawa ya chama cha msingi kabla ya malipo. Bila hiyo mtadai kwa mdomo mtupu.

Kijitabu cha nchi za mbali

Vijana wa ngoma waliuliza juu ya safari za mbali zaidi, kama Ufaransa au Afrika ya Kusini. Huko kuna hati nyingine, nzuri kweli, na tunaona inafaa muijue hata kama hamtaitumia mwaka huu.

Inaitwa kijitabu cha ATA. Herufi hizo zimetokana na maneno ya Kifaransa na Kiingereza yenye maana moja: kuingiza kwa muda. Wenyewe hukiita kwa Kifaransa karne, lakini si karne ya miaka 100. Maana yake ni kijitabu tu. Kabla yake, mwaka 1956, nchi kadhaa zilikubaliana juu ya kijitabu cha sampuli za biashara peke yake. Kisha, mwaka 1961, ulitiwa sahihi mjini Brussels mkataba mpana zaidi, ukaanza kazi mwaka 1963. Mwaka 1990 ukafuata mwingine wa Istanbul. Leo nchi na maeneo yanayokipokea ni takribani 80. Katika Afrika zimo Afrika ya Kusini, Senegali, Moroko na Morisi, kwa mfano.

Kinafanyaje kazi? Mfikirieni karani mwenye kitabu cha risiti. Anachana karatasi, na shina linabaki kitabuni. Ndivyo hivyo hivyo. Jalada ni la kijani, na ndani kuna orodha ya mali, ile ile ya mistari na namba. Kuna karatasi za njano za kutoka na kurudi nchini kwako, nyeupe za kuingia na kutoka nchi ya ugeni, na za buluu za kupita tu katikati. Kila mpaka afisa anachana karatasi yake, anagonga muhuri kwenye shina. Mashina yakisomwa mwishoni, safari nzima inaonekana.

Uzuri wake uko kwenye dhamana. Mtu anaweka dhamana mara moja tu nyumbani kwake, kwa chemba ya biashara inayotoa kijitabu. Chemba za nchi zote hizo zimeshikana mikono. Mali ikipotelea nchi ya ugeni, chemba ya huko hulipa ushuru, kisha hudai chemba ya nyumbani, nayo humdai mwenye mali. Kijitabu hudumu si zaidi ya mwaka mmoja. Kinafaa kwa sampuli, vyombo vya kazi na vitu vya maonyesho. Hakifai kwa vitu vinavyoliwa au kuisha, wala kwa kitu kinachopelekwa kutengenezwa. Na orodha ikishatolewa, huwezi kuongeza hata sindano.

Kwa safari ya Mutukula hicho hakitumiki. Huku tunafuata kile kifungu cha 117.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana aliyeazima kipaza sauti cha jirani. Je, aandike jina la nani? Aandike jina la mwenye mali, na achukue barua ya mwenye mali inayosema, "Nimemwazima fulani kitu hiki, chenye namba hii, kwa safari hii, kuanzia tarehe hii mpaka tarehe hii." Barua iwe na sahihi, na ikiwezekana mhuri wa serikali ya kijiji. Bila barua, kipaza sauti kikizuiliwa, jirani hatajua ni forodha iliyokizuia au ni yeye aliyekiuza.

Jumatano ijayo tutakutana tena hapa saa kumi jioni kufanya zoezi la orodha. Kila mmoja aje na daftari, kalamu, na chombo kimoja chenye namba ya kiwanda. Wenye cherehani nzito wasizibebe. Wainakili namba nyumbani, waje nayo kwenye karatasi, na mwenzao aende kuihakiki.